Maji ya Kulowekea Muhogo

Hamjambo nyote? Hamjambo wadogo, hamjambo na ninyi wakubwa mliojibanza nyuma mkijifanya hamtaki ngano. Nawaona. Sogeeni. Wewe uliyeshika kifaranga, kirudishe kwa mama yake. Na ninyi wawili, kufinyana basi. Nataka kimya leo. Ngano hii haitaki kelele, kuna msiba ndani yake.

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, zamani ile ambayo hata bibi wa bibi yangu hakuiona, palikuwa na mlima wa mawe matupu. Mlimani walikaa pimbi. Pimbi mnamjua? Mdogo, mnene, hana mkia, analala kwenye nyufa za mawe. Basi kati ya hao pimbi alikuwapo Mama Pimbi, mjane, na watoto wake, Mashavu na Kombo. Mashavu alikuwa mkubwa, Kombo mdogo. Mashavu aliitwa Mashavu kwa sababu alizaliwa na mashavu kama maandazi. Kila aliyemwona alitaka kuyabonyeza.

Mwaka mmoja mvua haikuja. Wakangoja. Haikuja. Majani yakakauka, wakala magome. Magome yakaisha, wakala mizizi. Mizizi ikaisha, wakala maneno: kesho, kesho, kesho. Mashavu ya Mashavu yakaondoka, likabaki jina.

Na maji je? Mlimani hapakuwa na mto wala kisima. Kinamasi kilikuwa chini kabisa, na njia ni ya kuparamia mawe, maji ukiyabeba yanamwagika kabla hujafika juu. Palikuwa na ufa juu kabisa, unadondosha maji. To! Unangoja. To! Unangoja tena. Kila nyumba ilikuwa na kishimo chake kwenye mwamba, kama bakuli, ndimo walimowekea fungu lao la maji. Sheria yao ilikuwa moja tu: maji hayamwagwi. Ukinawa, maji yale utayanywa. Ukiosha kidonda, utayanywa. Anayemwaga maji anafukuzwa mlimani, yeye na wanawe.

Shikeni hilo. Mlimani, maji hayafanywi nini?

Hayamwagwi!

Sasa, Mama Pimbi alikuwa na kitu kimoja ambacho pimbi wengine hawakuwa nacho. Alijua kusoma. Alijifunza ukubwani, mvi zimeshamwota mgongoni. Kabla ya ukame alikuwa akishuka kila asubuhi mpaka kinamasini, kwenye darasa la Bi Nungu. Bi Nungu ni nungunungu, mwalimu wa watoto wa kule, anaandika kwa mwiba wake juu ya gome la mti. Mama Pimbi aliketi na watoto wadogo, magoti yamemfika kidevuni. A. E. I. O. U.

Jirani yake Tumbili alicheka mpaka akashika tawi.

"Mama Mashavu! Mtu mzima na a-e-i-o-u! Ukizimaliza utazipika?"

"Nitazipika," akajibu Mama Pimbi, "na wewe nitakuonjesha."

Alisoma ba, akasoma be. Akasoma neno. Akasoma mstari. Siku aliyosoma gome zima bila kuegemea kidole, alirudi mlimani akiimba.

Lakini herufi haziingii tumboni. Siku moja Kombo aliamka hakulia. Mtoto mwenye njaa akilia, mama ana nafuu. Huyu hakulia. Alifumbua macho, akayafumba. Mama Pimbi akasimama. Akashuka mlima. Tapu, tapu, tapu, mpaka kinamasini.

"Hodi, Bi Nungu."

"Karibu, Mama Mashavu. Mbona umekwisha hivyo?"

"Sina cha kukuficha, mwalimu wangu. Watoto wanakufa. Nipe chochote."

Bi Nungu akamtazama. Akamtazama tena. Akaenda shambani kwake, akafukua muhogo. Muhogo mnene, mwekundu wa ganda. Hata nguruwe wa porini hawakuugusa, ndiyo maana ulibaki. Ulikuwa muhogo mchungu.

"Huu ukiula mbichi unakufa," akasema Bi Nungu. "Kabisa. Lakini una matayarisho yake, nasi tunaula miaka yote. Nikueleze unavyo—"

"Usinieleze kwa mdomo," akasema Mama Pimbi. "Kichwa changu hakina nguvu, nitasahau njiani. Niandikie. Si unajua nasoma?"

Bi Nungu akacheka kwa furaha. "Mwanafunzi wangu huyo! Kimiba! Kimiba, njoo umwandikie Mama Mashavu jinsi ya kutayarisha muhogo."

Kimiba alikuwa mtoto wa Bi Nungu, tena ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Akakaa. Akatoa ulimi pembeni, vile mnavyofanya ninyi mkiandika. Tobo tobo tobo, akatoboa gome kwa mwiba. Akaandika hivi:

MENYA MUHOGO.
ULOWEKE MPAKA ULAINIKE.
UTOE, UUANIKE JUANI.
TWANGA.
PIKA.

Bi Nungu akalisoma. "Vizuri sana! Mwandiko umenyooka, hakuna kosa hata moja."

Na kweli, hapakuwa na neno lililokosewa. Mama Pimbi akalisoma gome kwa sauti, darasa zima likasikia. Menya. Loweka. Anika. Twanga. Pika. Haya, msaidieni.

Menya! Loweka! Anika! Twanga! Pika!

Ehe. Akafunga muhogo mgongoni, akalibeba gome kwa meno, lisilowe mate mengi, akarudi mlimani.

Sasa tulieni hapa kidogo. Kule kinamasini, muhogo hawauloweki kwenye chombo. Wanachimba shimo kwenye tope, wanautia, maji yanajaa yenyewe. Ukilainika wanauchukua wanakwenda zao. Maji yanabaki shimoni, nani ana habari nayo? Maji masafi yako kila upande, ukigeuka unakanyaga maji. Hakuna mtoto wa nungunungu aliyewahi kuambiwa, maji haya usinywe. Atayanywaje? Kwa hiyo Kimiba hakuandika. Na Bi Nungu aliposoma, hakuona kama kuna kitu kimepungua. Kilichopungua alikuwa nacho kichwani, akakisoma humo humo.

Mama Pimbi akafika nyumbani. Akalitundika gome ukutani. Akasoma mstari wa kwanza, akafanya. Alimenya kwa meno yake yale marefu ya mbele, akitema maganda. Akasoma mstari wa pili. Uloweke mpaka ulainike. Akautia muhogo kwenye kishimo cha nyumba yake, juu yake akamimina fungu lote la maji, lililokuwapo na aliloazima.

"Mama, tutakunywa nini?" akauliza Mashavu.

"Tutalamba umande mpaka muhogo ulainike, mwanangu. Tutakula ugali. Unaukumbuka ugali?"

"Naukumbuka."

"Basi ngoja."

Wakangoja. Tumbili akapita, akachungulia. "Mmeupika muhogo au mmeuzamisha?" Akaona nyuso zao, akanyamaza. Wakangoja. Kila asubuhi Mama Pimbi aliubonyeza. Mgumu. Akaubonyeza. Mgumu bado. Asubuhi moja akaubonyeza, kidole kikazama. Pwa!

Akashangilia. Akasoma mstari wa tatu. Utoe, uuanike juani. Akautoa, akauanika juu ya jiwe, vipande vyeupe, safi, vimepangana kama meno. Jua likavipiga.

Na kwenye kishimo? Maji yamebaki. Maji mazito kidogo, meupe, yana harufu.

Mama Pimbi akayatazama. Akarudi kwenye gome. Hakuwa mzembe, mjue hivyo. Alisoma gome lote, juu mpaka chini, akitafuta neno maji. Halikuwapo. Akasoma tena, kidole chini ya kila neno, kama zamani. Halikuwapo. Hapakuandikwa mwaga. Hapakuandikwa usinywe.

Na mlimani, maji hayafanywi nini?

Hayamwagwi.

Mashavu alikuwa amelala kivulini, midomo imepasuka. Kombo yumo ndani ya ufa, kasinzia. Mama Pimbi akamwita Mashavu.

"Njoo unywe kwanza wewe. Mwenzio akiamka naye atakunywa."

Mashavu akainama kishimoni. Akaonja. Akakunja uso.

"Mama, machungu."

"Hata dawa chungu, mwanangu. Kunywa."

Mashavu akanywa. Alikuwa mtoto msikivu. Akanywa akashiba maji, akaketi. Akasema kichwa kinamzunguka. Akasema, mama, mbona jiwe linasogea. Akatapika. Akaanza kuhema, he, he, he, kama aliyekimbia. Mama Pimbi akamshika, akamwita, Mashavu, Mashavu, mashavu yenyewe baridi. Na jua halijasogea sana, Mashavu akawa amekufa.

Msiseme kitu. Ngojeni kidogo.

Mama Pimbi hakujua ni nini. Muhogo hawajaula. Akageuka kumtazama Kombo, akamwona ameamka, anatambaa kuelekea kishimoni, ulimi nje. Pembeni ya kishimo palikuwa na mjusi, amelala chali, tumbo juu. Mdomo wake umelowa maji meupe. Hapo ndipo mama alipojua. Akamrukia Kombo, akamvuta mguu, akaketi mbele ya kishimo, akakizuia kwa mwili wake wote. Akakaa hivyo mpaka jua likayakausha maji yale.

Wakamzika Mashavu chini ya mawe madogo madogo. Pimbi wote walikuja. Tumbili naye alikuja, akakaa mbali kidogo. Alikuwa amelia, lakini mdomo wake haujui kukaa.

"Yale magome, mama. Nilikwambia. Magome ndiyo yamekuulia mtoto."

Mama Pimbi aliinama kaburini. Aliweka jiwe, akaweka jiwe jingine.

"Nilisoma sawasawa," akasema.

"Mama, sikusema—"

"Nilisoma sawasawa, Tumbili. Kila neno lililokuwapo nililifanya. Nishikie Kombo. Asikaribie huu muhogo, asiuguse hata unga wake, mpaka nirudi. Mpe chochote unachokula wewe."

"Nitampa. Unakwenda wapi?"

"Shule."

Akaling'oa gome ukutani. Akashuka. Tapu. Tapu. Tapu. Safari hii polepole.

Darasani walikuwa wakiimba. Walipomwona wakapiga makofi. "Mama Mashavu! Muhogo umekolea?"

"Mashavu amekufa," akasema.

Bi Nungu akasimama, miiba yote ikamlala mgongoni. "Amekula mbichi? Mama Mashavu, alikula mbichi?"

"Hakula."

"Sasa amekufa na nini?"

Mama Pimbi akaliweka gome mbele ya Kimiba. "Hili ni gome lako. Andika jingine. Andika kama mtu anayesoma hajawahi kuuona muhogo. Nami nitafanya utakavyoandika. Hapa, mbele yenu. Sitaongeza kitu kutoka kichwani mwangu, sitapunguza. Na chombo changu ni hiki." Akatoa kata ya kibuyu. "Kwetu hakuna kinamasi. Kwetu muhogo tunauloweka kwenye kitu kama hiki, tunatia maji yote tuliyo nayo."

Kimiba akauokota mwiba wake. Akachukua gome jipya. Akaandika: MENYA MUHOGO.

Mama Pimbi akasoma. Akapewa muhogo mbichi, akaumenya kwa meno. Akavua ganda la nje, jembamba, basi. Ganda la ndani, lile jeupe nene, akaliacha. Na lile alilolivua likabaki mdomoni. Akaanza kulitafuna.

"Tema, mama!" akapiga kelele Kimiba. "Tema! Lina sumu!"

Mama Pimbi akaendelea kutafuna, macho kwake. "Nilipokuwa mlimani sauti yako haikufika. Andika."

Tobo tobo tobo! MENYA MAGANDA YOTE MAWILI, LA NJE NA LA NDANI. YAFUKIE CHINI. USIYALE.

Akasoma. Akatema, puu. Akasukutua mdomo, akamenya ganda la ndani, akafukia yote. Watoto wakapumua. Mmoja wa nyuma akacheka, kwa woga tu, mwenzake akamkanyaga.

ULOWEKE MPAKA ULAINIKE.

Akautia muhogo katika kata, maji yakaufikia nusu. Nusu nyingine ikabaki nje, inatazama jua. Akakunja mikono.

Kimiba akaukata mstari ule, akaandika: MAJI YAUFUNIKE MUHOGO WOTE. UACHE HUMO. KILA ASUBUHI BONYEZA. KIDOLE KIKIZAMA MPAKA NDANI, UTOE.

"Kuloweka kunachukua siku kadhaa," akasema Bi Nungu. Akaenda shimoni kwake kwenye tope, akachota muhogo uliokwisha lainika, akauchota na maji yake, akaujaza katika kata mahali pa ule mgumu. Maji meupe, mazito kidogo, yana harufu.

Mama Pimbi akabonyeza. Pwa! Akautoa muhogo, akauweka juu ya jani. Kimiba akaandika: UKATE VIPANDE VIDOGO. ANIKA JUANI MPAKA VIKAUKE, VIVUNJIKE KAMA VIJITI. Akainua uso. Alianza kufurahi. Hili la vijiti lilikuwa zuri, hata mama yake aliitikia kwa kichwa.

"Umemaliza habari ya kuloweka?" akauliza Mama Pimbi.

Kimiba akasoma aliyoandika. Akasoma tena. "Nimemaliza."

"Vizuri. Nimeshuka mlima wote kwenye jua. Nina kiu." Akachukua kata kwa mikono miwili. "Na kwetu, maji hayamwagwi."

Akainua kata.

Hakuna aliyeelewa kwanza. Mtoto mmoja akasema, eti anakunywa yale ya muhogo, kinyaa! Bi Nungu ndiye aliyeelewa, akaruka, "Mama Mashavu, weka chini! Una Kombo nyumbani!"

"Mlimani hapakuwa na mwalimu wa kuniambia weka chini," akasema Mama Pimbi. "Kaa, Bi Nungu." Maji yanacheza kwenye ukingo wa kata.

Kimiba akamtazama. Akaitazama kata. Akayatazama maji meupe. Pale pale akamwona Mashavu ameinama anakunywa.

"Alikunywa maji," akasema polepole. "Mashavu alikunywa maji ya kulowekea."

Kata ikagusa ndevu za Mama Pimbi.

Kimiba akashika mwiba. Ukamponyoka. Akaushika tena. Tobo. Tobo tobo. Machozi yanadondoka juu ya gome, herufi zinapanda mlima zinashuka. Ule mwandiko mzuri haukuwapo tena. Akaliinua gome kwa mikono miwili, juu, mbele ya macho ya Mama Pimbi:

MAJI YA KULOWEKEA NI SUMU. YAMWAGE YOTE, MBALI, MAHALI MTOTO HAWEZI KUYALAMBA. MTU ASIYANYWE HATA AKIFA KIU. OSHA CHOMBO.

Mama Pimbi akasoma. Alisoma taratibu, neno kwa neno, midomo inacheza. Alipofika mwisho akarudia mwanzo. Kisha akaishusha kata.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Endelea. Bado kutwanga na kupika."

Wakakaa pale mpaka gome likajaa pande zote mbili. Kimiba hakusema tena nimemaliza. Alikuwa akiuliza, "Hapa mama, utafanya nini?" Mama Pimbi anafanya, Kimiba anaona, anaandika.

Bi Nungu akampa muhogo mwingine. Akamfunga mzigo mgongoni, fundo moja, mafundo mawili, akawa kama hataki kumaliza kufunga.

Mlimani, Mama Pimbi aliwaita pimbi wote. Kombo alikuwa hai. Tumbili alimtafunia maua makavu akamtilia mdomoni. Mama Pimbi akasoma gome lote kwa sauti, akafanya kama lilivyoandikwa. Akamenya maganda mawili. Akafukia. Akaloweka. Wakangoja. Pwa! Akatoa, akaanika.

Halafu akachota maji yale meupe kwa kata, pimbi wote wanamtazama, midomo imewapasuka. Mzee mmoja akanguruma, "Unataka kufanya nini? Unaijua sheria."

"Naijua. Mwanangu alikufa kwa kuishika."

Akayapeleka mbali, upande usiopitwa na mtu. Akamwaga. Shwaaa. Ardhi ikayanywa. Hakuna aliyesema afukuzwe.

Akatwanga, twa, twa, twa. Akapika. Mvuke ukapanda. Kombo akapewa tonge la kwanza. Akalila, akalamba mkono. Akapewa la pili. Akasita, akalishika bila kula.

"La Mashavu umemwekea?"

Mama Pimbi akageukia moto, akauchochea, ijapokuwa ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mpaka leo, ukimwona pimbi juani, maji yako karibu naye, humwoni akiyakimbilia. Anayatazama kwanza.

Haya, wanangu. Maana yake ni hii, siifichi. Unapomwandikia mtu jinsi ya kufanya jambo, andika kila hatua, hata ile unayodhani kila mtu anaijua. Anayesoma hayuko kwako, hana maji yako, wala hana kichwa chako. Ana maneno yako tu. Ukishaandika, mpe mwenzio afanye mbele yako, nawe ufunge mdomo uone atakwama wapi.

Ngano yangu nimeitua hapa, mzigo umekwisha. Mimi naondoka, nyumbani nimeacha maharage motoni. Ninyi kaeni, kila mmoja aandike jinsi ya kuwasha jiko la mkaa, tangu jiko liko baridi mpaka chai imechemka. Msiache kitu. Keshokutwa jioni nitapita hapa na kiberiti changu, nitachukua karatasi moja na kufanya kama ilivyoandikwa. Wala msihangaike kumtafuta wa kunisomea. Nitasoma mwenyewe.